Masika haya tupande maua ya kwetu

Kaskazi ikianza kulegea, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, mazungumzo ya wapenda maua wa Tanga hubadilika. Habari za jua kali na visima vilivyokauka zinapungua. Badala yake wanaulizana: mwaka huu unapanda nini? Lile waridi la ukutani umeshalipogoa? Ua la zambarau nililokupa wakati wa vuli lilishika? Mmoja anakusanya ndoo tupu za rangi kutoka kwa mafundi, mwingine ameagiza gunia la samadi iliyooza vizuri, na wa tatu amekwishaamua kung'oa ukoka wote wa mbele ya nyumba apange vichaka. Mvua haijadondoka hata tone, lakini bustani imeshapandwa kichwani.

Masika kwa pwani yetu na kwa mikoa ya kaskazini huanza Machi na kwenda mpaka Mei. Vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ni ya kujaribia, haiaminiki. Mtu anayetaka kitawi kiote mizizi, kikomae na kuvumilia kiangazi, hupanda masika. Ndiyo maana mwezi wa Machi kwa watu hawa una uzito wa pekee, na yeyote anayedhani maua ni mambo ya wenye nafasi na wenye mageti hajapita Ngamiani au Chumbageni na kutazama vibaraza. Humo utakuta madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavu, matairi yaliyopinduliwa, makopo ya maziwa na sufuria zilizotoboka, na kila kimoja kina mmea unaotunzwa. Mpangaji wa chumba kimoja ana makopo sita dirishani. Mstaafu ana uwanja mzima. Wote wanazungumza lugha moja, na habari kubwa kuliko zote katika lugha hiyo ni neno moja: limeshika.

Kinachonivutia zaidi ni namna mimea inavyosafiri kutoka ua hadi ua bila shilingi kubadilisha mkono. Kijana anasimama mlangoni:

“Shikamoo bibi. Naomba kitawi cha hilo jeupe.”

“Marahaba mwanangu. Hilo lina maua sasa, usilikate. Rudi mvua ya kwanza ikishanyesha, nitakukatia mwenyewe.”

Bibi hakatai, anafundisha. Tawi lenye maua limeelekeza nguvu zake kwenye kuchanua na si rahisi kutoa mizizi. Kinachofaa ni tawi lisilo na maua, la unene wa penseli, ambalo si laini la juzi wala gumu la miaka. Likatwe chini kidogo ya kifundo cha jani, libaki na vifundo vitatu au vinne, majani ya chini yaondolewe, kisha lichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji na kuwekwa kivulini. Hapo ndipo subira inapohitajika, hasa kwa bugenvilia. Tawi la bugenvilia hutoa majani mabichi mapema kwa akiba iliyomo ndani yake, hata kabla halijawa na mzizi mmoja. Mgeni anafurahi, analihamishia juani, na baada ya siku chache limekauka. Wazoefu huyaacha majani hayo yadanganye wengine. Wanasubiri wiki nyingi, na hawalivuti tawi kuchungulia.

Plumeria, ule mti wa maua meupe yenye kitovu cha manjano unaopandwa sana makaburini na hotelini, una sharti jingine. Tawi lake likikatwa hutoa utomvu mweupe, na ukilipanda papo hapo katika udongo uliolowa mvua ya masika litaoza. Laza tawi hilo kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ulichomeke. Waridi la jangwani, lenye shina lililovimba chini, nalo ni hivyo hivyo, na nalo halitaki maji mengi kabisa. Wengi huliua kwa kulipenda kupita kiasi.

Mvua yenyewe ina matatizo yake, na katikati ya Aprili taarifa za maendeleo huwa na masikitiko ndani yake. Kopo lisilo na matundu ya kutosha hujaa maji, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mmea hunyauka huku udongo umelowa. Anayeona majani yamelala huongeza maji, na kumbe anamalizia kazi. Kisha wanakuja konokono wakubwa wa pwani, ambao asili yao ni hapa hapa Afrika Mashariki kabla ya kusambazwa na binadamu hadi Asia na visiwa vya Pasifiki. Usiku mmoja wanatosha kumaliza miche ya mwezi mzima. Dawa ninayoiamini ni tochi na ndoo baada ya isha: kuwaokota kwa mkono uliovaa mfuko, kwa kuwa hubeba vimelea, na kuwatupa mbali. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, hupenda haibiskasi. Tawi likishajaa likatwe na kuchomwa, na majani yaliyobaki yaoshwe kwa maji ya sabuni.

Sasa tazama orodha ya maua tunayohangaikia hivi. Bugenvilia ni ya Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliikuta Rio de Janeiro katika miaka ya 1760 na kuipa jina la nahodha wa safari yake. Plumeria nayo ni ya Amerika ya kitropiki. Waridi la dukani limetokana na machotara ya Asia na Ulaya. Sina ugomvi na mimea hii. Imekaa nasi, imezoea jua letu, na ukuta wa bugenvilia ya rangi ya chungwa wakati wa kiangazi ni kitu cha kusimama na kutazama. Ugomvi wangu ni kwamba katika vitalu vya pembezoni mwa barabara, Tanga, Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, ni shida kumpata muuzaji mwenye ua lililozaliwa katika milima ya Usambara, ile tunayoiona kila siku tukitazama magharibi.

Wenzetu wa Ulaya wanayajua maua hayo. Mwezi huu huu wa Machi, Uingereza inatoka kwenye baridi na kuingia majira ya kuchipua. Wakulima wa maua wa nyumbani kule nao wanapanga: wanapanda mbegu ndani, madirishani, na kungoja sakitu ya mwisho ipite, ambayo katika maeneo mengi huweza kuanguka mpaka katikati ya Mei. Wanatembeleana kama sisi, ila wao wamelipa jambo hilo utaratibu. Tangu mwaka 1927 upo mpango wa kitaifa unaowaalika watu wa kawaida kufungua bustani zao kwa wageni kwa kiingilio, na fedha hizo huenda kwenye huduma za uuguzi na afya. Ungependeza Tanga, mpango wa namna hiyo, na nina hakika wenye bustani za Raskazone hawatakosa wageni.

Na ni nini kimojawapo cha vitu wanavyovipanda sakitu ikishapita? Impatiensi. Ni mmea mdogo wenye shina laini lililojaa maji, maua bapa ya waridi, mekundu au meupe, na kifuko cha mbegu kinachopasuka na kurusha mbegu ukikigusa. Asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Uliingia Ulaya katika karne ya 19 kwa njia ya Unguja, kupitia kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Mwaka 1882 ukatangazwa kisayansi kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo alitawala Sayyid Barghash. Jina linalotumika leo, Impatiens walleriana, linamkumbuka mmisionari Horace Waller. Kwa miongo mingi mmea huu ulikuwa miongoni mwa maua yaliyouzwa kwa wingi mno katika vitalu vya Uingereza na Marekani, kwa sababu huchanua kivulini ambako maua mengine hugoma. Ugonjwa wa ukungu wa majani ulionekana Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 ukasambaa kwa kasi hata wauzaji wakaacha kuuza mmea huu; aina zinazostahimili ndizo zimeurudisha bustanini. Watu wa nchi ya mbali waliona huzuni ya kweli walipoukosa mmea wetu. Sisi hapa tunaufyeka tukisafisha mifereji ya shamba huko Muheza na Lushoto.

Kisa cha pili ni kikubwa zaidi. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya rangi ya urujuani. Ulikuwa umepatikana kwenye miamba ya chokaa isiyo mbali na mji wa Tanga, na pia juu katika misitu ya Usambara. Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, akauchunguza na mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha, kwa jina la familia hiyo. Katika miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kiliotesha mbegu kutoka Ulaya na kuchagua aina bora. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama chao. Leo zipo aina za bustani kwa maelfu: meupe, ya waridi, yenye petali nyingi, yenye kingo zilizokunjamana. Ni mojawapo ya maua ya ndani ya nyumba yanayofahamika zaidi duniani, na asili ya nyingi katika aina hizo ni miamba ya mkoa wangu.

Porini hali ni tofauti. Mimea hii, ambayo tangu mwaka 2015 wanasayansi wameiunganisha na jenasi ya Streptocarpus, hupatikana Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, ikiwemo milima ya Taita, na si mahali pengine popote duniani. Huishi kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi katika eneo dogo sana. Miti ya juu yake ikikatwa, jua hupiga mwamba, kigoga hukauka, na saintpaulia hufa hata kama hakuna aliyeigusa. Aina kadhaa ziko hatarini kutoweka kabisa. Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, ina hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997, na hiyo ndiyo ngome kubwa ya mimea ya Usambara Mashariki. Lakini ngome pekee haitoshi ikiwa watu wanaoizunguka, nikiwemo mimi na wewe wa mjini, hatujui kilichomo ndani.

Inaniuma kuona mwanafunzi wa Tanga anaweza kumaliza shule bila kuliona ua hili, wakati bibi wa Berlin analo dirishani na analiita kwa jina la Usambara.

Kulikuza si kazi ngumu. Halitaki jua la moja kwa moja. Linataka mwanga mwingi wa kivulini, kama wa dirisha linalotazama upande usiopigwa na jua la mchana. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na mchanga. Maji yawekwe chini, kwenye sahani, yanywewe na udongo kwa nusu saa, kisha yanayobaki yamwagwe. Maji baridi juu ya majani huacha madoa. Kuliongeza ndiko kunakofurahisha: chuma jani zima pamoja na kikonyo chake, fupisha kikonyo kibaki na sentimita mbili au tatu, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya miezi miwili hivi vitoto vitaanza kuchomoza kwenye shina la jani. Jani moja kwa jirani mmoja. Wakazi wa Lushoto, Arusha, Nairobi na Mbeya watapata matokeo mazuri zaidi kwa sababu ya ubaridi. Wa pwani wanahitaji kivuli kizito na hewa inayopita.

Maua ya kwetu hayaishii milimani. Mwanzoni mwa mvua, vichakani na chini ya miembe, huchomoza kutoka ardhini mpira mwekundu wa maua mengi membamba juu ya shina moja, mara nyingi kabla ya majani yake. Huo ni Scadoxus multiflorus. Kitunguu chake hulala kiangazi chote bila kudai kitu, na kwa mtu asiye na maji ya bomba ni mmea wa kutegemewa. Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe ambalo ni mwenyeji wa hapa pia, hulala vilevile. Mvua ikinyesha hutambaa kwa ncha za majani yake zinazojisokota, kisha hutoa petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu. Mpe uzio wa kukwea na umwache. Lakini wenye watoto wadogo nyumbani wasikilize: yote mawili ni sumu, na kiazi cha gloriosa kimeua watu. Yapandwe mahali ambapo mtoto wala mbuzi hafiki. Tahadhari hiyo inahusu pia waridi la jangwani, ambalo utomvu wake umetumika kutengenezea sumu ya mishale.

Halafu kuna mkilua. Huu kwangu ndio mmea wa pwani hasa, na ndio ninaousemea zaidi. Ni kichaka au mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wenye maua manene ya kijani na manjano yenye harufu isiyosahaulika. Wanawake wa pwani wamekitumia kilua kwa kujitia manukato kwa vizazi vingi. Mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans, akichukua jina la wenyeji kama lilivyo, na katika jenasi hiyo ndio mmea pekee.

Mkilua ulikuwa sehemu ya bustani ya aina yake, ambayo watu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja wanaijua vizuri: uani kuna mwasumini, mrehani, mwaridi, mlangilangi na mkadi. Bustani ile haikupandwa kwa ajili ya mpita njia. Ilipandwa kwa ajili ya pua na mwili. Jioni asumini zilichumwa zikiwa bado matumba, zikatungwa. Zikiunganishwa na rehani, waridi na mkadi zikawa kikuba cha kuchomeka kifuani au kwenye nywele. Kitanda cha bibi harusi kilitandazwa asumini. Nyumba mpya za matofali na uwanja wa saruji zimeiondoa bustani hiyo kidogo kidogo, na sasa kikuba hutafutwa siku ya harusi tu, kwa bei ya kulalamikiwa. Sioni kwa nini nyumba yenye nafasi ya magari mawili ikose nafasi ya mwasumini mmoja.

Nikisema tupande mimea ya kwetu, sisemi mtu aende msituni na jembe. Hili nalisisitiza. Saintpaulia iliyong'olewa kwenye mwamba wake mara nyingi hufa njiani, na kundi zima la aina hiyo linaweza kuwa limebaki mwamba ule tu. Okidi zinazobanduliwa kwenye mikoko na mibuyu na kuuzwa barabarani zimo katika mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Mche mzuri ni ule uliotoka kwenye jani, tawi au mbegu ya mmea unaokuzwa tayari. Muuzaji akishindwa kukueleza mmea wake umetoka wapi, usiununue.

Mapambo pia yameshatugharimu. Gugu maji lilitolewa Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau katika mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ziwa Victoria, na wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Jinja wanajua lilivyofunga bandari na kunasa nyavu. Amani kwenyewe, kichaka cha Clidemia hirta kutoka Amerika kilitoroka bustani ya mimea na sasa kinasonga miche ya msitu. Mmea mgeni unaojisambaza kwa kasi uani kwako, usiutupe mtoni wala bondeni. Uchome au uufukie.

Jambo la mwisho ni la afya. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaa katika maji safi yaliyotuama, na sahani za chini ya vyungu ni mazalia yake mazuri. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Masika yakianza, mwaga sahani zote angalau mara moja kwa wiki na uzisugue, kwa sababu mayai hubaki yamenata ukingoni.

Ombi langu ni kwa watu watatu. Wenye vitalu vya barabarani: otesheni impatiensi na saintpaulia kwa majani na mbegu, ziwekeni mbele, na mwambieni mteja kwamba zimetoka Usambara. Walimu wa Tanga na Taita: jani moja la saintpaulia kwenye kopo, dirishani mwa darasa, linatosha kuanzia. Na wewe mwenye mkilua mkongwe uani, pengine uliopandwa na bibi yako: angalia matunda yake mwaka huu, chukua mbegu zikiwa mbichi, zioteshe kivulini, na miche itakayopatikana uwagawie majirani. Mvua zinatarajiwa Machi hii; viriba na mchanga viandaliwe sasa.